KIPIMAJOTO NA MAJI YACHEMKAYO

Mtoto arudipo kisimani asubuhi ya kipupwe, mikono yake imepoa, akiitia katika maji ya vuguvugu atasema maji yale ni ya moto. Nduguye aliyekuwa akikoka moto jikoni akiitia mikono yake katika maji yayo hayo, atasema ni ya baridi. Wote wawili wasema kweli kama waonavyo, wala hakuna awezaye kuwaamua kwa kutia mkono wa tatu. Mkono wa mtu haupimi joto. Hulinganisha tu joto la kitu na joto lake wenyewe.

Jambo hili laweza kuonyeshwa darasani kwa mabakuli matatu. La kwanza litiwe maji ya baridi, la pili maji ya moto yanayovumilika, na la tatu, liwekwalo katikati, maji ya vuguvugu. Mwanafunzi atie mkono wa kushoto katika baridi na wa kulia katika moto, angoje kidogo, kisha aitie yote miwili katika bakuli la katikati. Mkono mmoja utamwambia maji ni ya moto, na wa pili utamwambia ni ya baridi. Mtu ni mmoja, maji ni mamoja, na habari ni mbili.

Kwa sababu hiyo watu walitafuta chombo cha kupimia joto, wakakipata katika tabia moja ya vitu. Vitu vingi vikipata moto hutanuka, na vikipoa hunywea. Mafundi wa reli walijua hivyo, nao waliacha nafasi ndogo kati ya chuma na chuma, ili jua la mchana lisiipinde njia. Vitu vya majimaji hutanuka kuliko chuma, na zebaki, madini yale yang'aayo kama fedha na kumiminika kama maji, hutanuka kwa taratibu iliyo sawa sana. Basi zebaki ikitiwa katika tumbo dogo la kioo lenye mrija mwembamba kama unywele, joto likizidi kidogo tu zebaki haina pa kwenda ila juu mrijani. Joto likipungua, hushuka. Hicho ndicho kipimajoto.

Lakini mrija peke yake hausemi neno. Lazima utiwe alama, na hapo ndipo ilipokuwa shida. Zamani nguo zilipimwa kwa dhiraa, yaani toka kiwiko hata ncha ya kidole, na kila mnunuzi alitamani apimiwe na mtu mrefu. Vipimajoto vya kwanza vilikuwa hivyo hivyo. Kila fundi alitia alama zake kama apendavyo, na joto lililoitwa kumi katika mji mmoja liliitwa thelathini katika mji mwingine. Ilihitajika kupata mambo mawili ya ulimwengu yasiyogeuka, ambayo mtu wa popote aweza kuyapata nyumbani mwake, kisha nafasi iliyo kati yake igawanywe sawasawa. Kila sehemu ya nafasi hiyo huitwa uzi, na zikiwa nyingi huitwa nyuzi.

Aliyeifanya kazi hiyo mpaka ikaaminiwa ni Daniel Gabriel Fahrenheit. Alizaliwa mwaka 1686 katika mji wa Danzig, ambao leo huitwa Gdańsk na uko katika nchi ya Polandi. Alipokuwa na umri wa miaka 15, baba yake na mama yake walikufa siku moja kwa kula uyoga wenye sumu. Walezi wake wakampeleka Amsterdam ajifunze biashara. Kijana hakuipenda biashara. Alipenda kutengeneza vyombo vya kioo, na fedha alizozipata alizimaliza katika kazi hiyo. Walezi walikasirika, hata wakaomba akamatwe na kupelekwa ng'ambo ya mbali katika merikebu za kampuni ya Waholanzi. Yeye akashika njia, akasafiri mji hata mji kwa mafundi na wataalamu. Mwaka 1708 alifika Copenhagen kwa Ole Rømer, bingwa wa elimu ya nyota, aliyekuwa akitengeneza vipimajoto, akamtazama akifanya kazi.

Mwaka 1714 alimpa Christian Wolff, mwalimu wa mji wa Halle, vipimajoto viwili. Wolff akaviweka mahali pamoja akavitazama, na vyote viwili vikasema neno moja. Mtu wa leo haoni ajabu katika hilo, lakini siku zile hata fundi hodari hakuweza kuahidi kwamba vyombo vyake viwili havitapingana.

Fahrenheit aliandika habari za kipimo chake mwaka 1724. Sifuri yake aliiweka katika baridi iliyo kali kuliko barafu, baridi aliyoipata kwa kuchanganya barafu, maji na chumvi ya namna fulani. Barafu na maji bila chumvi aliipa alama ya 32, na joto la mwili wa mtu mzima wa afya aliliita 96. Baada ya kufa kwake mwaka 1736, wataalamu walikirekebisha kidogo kipimo hicho, wakakiweka kiwango cha kuchemka kwa maji kuwa 212. Kwa hiyo joto la mwili sasa huhesabiwa kuwa 98 na sehemu sita za kumi. Kwa mwanafunzi wa hesabu 32 na 212 ni namba za kuchosha, na kweli ni za kuchosha.

Anders Celsius, Mswidi wa mji wa Uppsala, alichagua njia nyepesi. Yeye naye alikuwa mtu wa elimu ya nyota, na baridi aliijua vema, maana mwaka 1736 na 1737 alifuatana na Wafaransa waliokwenda kaskazini sana kupima umbo la dunia. Mwaka 1742 aliandika kwamba mambo mawili yatosha: barafu iyeyukayo na maji yachemkayo, na nafasi iliyo kati yake akaigawanya sehemu 100. Lakini aliuanza mrija juu kwenda chini! Maji yachemkayo aliyaita 0, na barafu aliiita 100, hata kadiri joto lilivyozidi namba ilipungua. Celsius alikufa mwaka 1744, na muda si muda wenziwe wa Uppsala wakakipindua kipimo, wakaweka 0 kwenye barafu na 100 kwenye maji yachemkayo, kama kilivyo hata leo. Mwaka 1948 mkutano wa mataifa juu ya vipimo ulikubali kwamba nyuzi hizo ziitwe kwa jina la Celsius.

Kugeuza nyuzi za Fahrenheit kuwa za Celsius, toa 32, kisha gawa kwa 9, kisha zidisha kwa 5. Kama mgonjwa ana nyuzi 104 za Fahrenheit, ukitoa 32 zabaki 72. Ukigawa kwa 9 wapata 8. Ukizidisha kwa 5 wapata 40. Nyuzi 40 za Celsius ni homa kali, na mtoto mwenye homa hiyo apaswa kupelekwa kwa mganga wa hospitali bila kukawia. Lakini nyuzi 40 za Fahrenheit ni baridi ya maji yaliyokaribia kuganda. Kwa hiyo namba isiyotajwa kipimo chake haina maana. Katika Afrika ya Mashariki, siku za utawala wa Kiingereza, kipimo cha Fahrenheit kilitumika sana. Siku hizi hutumika kile cha Celsius, na Marekani ndiyo nchi kubwa iliyobaki na Fahrenheit. Vipimo hivi viwili hukutana mahali pamoja tu, katika nyuzi 40 chini ya sifuri.

Chombo chenyewe cha kupimia homa ni kigeni. Kabla ya miaka ya 1860 kilikuwa kirefu na kizito, na mgonjwa ilimpasa kukishika muda wa dakika 20 au zaidi. Ndipo Mwingereza Thomas Clifford Allbutt alipokifupisha hata kikaweza kuchukuliwa mfukoni. Siku hizi vile vya zebaki vinaondolewa, kwa maana zebaki ni sumu, na mataifa yalipatana hivyo katika Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013. Kikivunjika kimoja nyumbani, watoto wasizichezee zile shanga za fedha zitambaazo sakafuni.

Kila kitu kina kiwango chake cha kuganda, nacho ndicho kiwango chake cha kuyeyuka. Tofauti ni njia tu, kama ngazi ile ile ya kupandia na kushukia. Mafuta ya nazi huganda yapatapo nyuzi 24 za Celsius au karibu yake. Kwa hiyo chupa iliyowekwa dirishani Lushoto huonekana asubuhi ni nyeupe na ngumu, na mwenziwe aliyeko Tanga hubaki majimaji. Nta ya nyuki huyeyuka kwa nyuzi 63 hivi. Bati huyeyuka kwa nyuzi 232 na risasi kwa 327, na moto wa jikoni watosha kwa kazi hiyo. Dhahabu hutaka nyuzi 1,064, shaba 1,085, na chuma 1,538. Ndiyo maana wahunzi wa zamani, pamoja na mivukuto yao yote, hawakukimimina chuma kama maji, bali walikitoa tanuruni kama donge na kukifua kwa nyundo. Zebaki nayo huganda kwa nyuzi 39 chini ya sifuri, na huko Urusi watu waliigandisha kwa mara ya kwanza mwishoni mwa mwaka 1759, wakaigonga kwa nyundo kama madini mengine. Katika nchi za baridi ya namna hiyo kipimajoto cha zebaki hakifai. Hutumika spiriti, ambayo haigandi mpaka nyuzi 114 chini ya sifuri.

Watu wa pwani hawakuwa na sababu ya kujua maji yagandavyo, walakini watu wa Uchaga walikuwa na barafu juu ya vichwa vyao. Johannes Rebmann, mmisionari wa Rabai karibu na Mombasa, aliuona mlima Kilimanjaro mwezi wa Mei mwaka 1848, akamwuliza kiongozi wake ule weupe wa kileleni ni nini. Kiongozi hakuwa na jina la kitu kile ila moja, akasema ni baridi. Rebmann alipata na habari za watu waliopanda siku za nyuma wakidhani ni fedha. Waliporudi, mikono na miguu ya waliosalia ilikuwa imeharibika kwa baridi, na fedha ikawa maji. Wazungu wengine wa Ulaya, waliokuwa wamekaa vitini mwao, walikataa kabisa kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Hawakukumbuka kwamba mtu apandapo mlima joto la hewa hupungua, hata akafika mahali ambapo maji hayawezi kuwa maji.

Kuchemka kuna siri nyingine, na siri hiyo ni kubwa zaidi. Maji yakiisha kuchemka, joto lake haliongezeki tena. Mpishi akiongeza kuni chini ya chungu kinachochemka, maji hayazidi kuwa ya moto. Huzidi kuisha tu. Moto wote uongezwao hutumika kuyageuza maji kuwa mvuke. Lakini kiwango chenyewe cha kuchemka si kimoja mahali pote. Hewa ina uzito, nayo huyakandamiza maji sufuriani kama mfuniko usioonekana. Mapovu ya mvuke hayawezi kutokea mpaka mvuke upate nguvu za kuusukuma uzito huo. Pwani hewa yote ya juu i kichwani mwa mtu, na maji huchemka kwa nyuzi 100. Mlimani sehemu ya hewa imekwisha kuachwa chini, mfuniko umekuwa mwepesi, na maji huchemka mapema. Kwa kila mita 300 hivi za kupanda, hupungua uzi mmoja wa Celsius. Nairobi huchemka kwa nyuzi 94 au 95, na kileleni Kibo kwa nyuzi 80 hivi.

Chakula huivishwa na joto, si na mapovu. Mwaka 1835 Charles Darwin alipokuwa akivuka milima ya Andes, wenzi wake wa safari walichemsha viazi usiku kucha, na asubuhi wakavichemsha tena, na viazi vikawa vigumu vile vile. Wakashauriana wakakata neno kwamba chungu kile, kwa kuwa kilikuwa kipya, kimelaaniwa na hakitaki kupika viazi. Chungu hakikuwa na kosa. Maji yalichemka kwa bidii, lakini hayakuwa na moto wa kutosha. Mpishi wa siku hizi akaaye milimani huyatumia maharagwe yake sufuria yenye kifuniko kilichobanwa, ili mvuke wenyewe uwe mzito badala ya hewa iliyopungua.

Basi kama kimo cha nchi hugeuza kuchemka kwa maji, mtu aweza kuligeuza jambo hilo akapima kimo cha nchi kwa sufuria na kipimajoto. Wasafiri walifanya hivyo sana. Hawakuwa na haja ya kamba wala mnara. Waliteka maji, wakayachemsha, wakasoma nyuzi, wakahesabu. Kwa kipimo cha Fahrenheit, uzi mmoja ukipungua, nchi imepanda futi 550 hivi. Na kwa njia hii ilitokea moja ya mabishano makali ya karne ile.

Mwaka 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, waliondoka Unguja kwenda bara kutafuta maziwa na chimbuko la mto Nile. Pamoja nao alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utumwani utotoni na kupelekwa Bara Hindi, kisha akarudi. Mwezi wa Februari mwaka 1858 walifika Ziwa Tanganyika, Burton akiwa hawezi kutembea na Speke akiwa karibu kipofu kwa maradhi ya macho. Vipimajoto vyao vizuri vilikuwa vimevunjika njiani. Kilichosalia ni kimoja cha kawaida, cha namna itumiwayo kupimia maji ya kuogea. Walichemsha maji, wakasoma, wakapata kwamba ziwa li katika kimo cha futi 1,850 hivi. Mwezi wa Agosti Speke, pamoja na Bombay, akaliona Ziwa Nyanza, akalipima kwa njia hiyo hiyo, akapata futi 3,740.

Leo yajulikana kwamba Nyanza li katika futi 3,720. Kwa hiyo hapo sufuria ilisema kweli kwa ajabu. Lakini Tanganyika li katika futi 2,536, na kosa lilikuwa futi 690 hivi. Kosa hilo lasikika kuwa kubwa sana, kumbe katika mrija wa kioo lilikuwa uzi mmoja na robo tu, pungufu ya upana wa punje ya mchele.

Speke alisema Nile yatoka Nyanza. Burton alikataa, naye alitaka Tanganyika liwe na sehemu katika Nile, kwa mto utokao upande wa kaskazini. Mwaka 1864 Samuel Baker aliliona ziwa jingine, ambalo Wanyoro huliita Mwitanzige na yeye akaliita Albert, ambalo Nile yapita ndani yake. Yeye naye alichemsha maji, akapata futi 2,720. Kwa namba hizo neno lilionekana limekwisha: Tanganyika la futi 1,850 haliwezi kulijaza Albert la futi 2,720, maana maji hayapandi mlima. Burton akajibu kwamba kipimajoto cha Tanganyika kilikuwa kibovu, wala hakifai kuwa shahidi. Mkutano uliitwa mjini Bath, Uingereza, mwezi wa Septemba mwaka 1864, wabishane mbele ya watu. Siku moja kabla ya mkutano Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe alipokuwa akiwinda.

Ajabu ya mambo ni kwamba Burton alisema kweli juu ya kipimajoto, naye akakosea juu ya mto. Baker pia alikuwa amekosea, maana Albert li katika futi 2,030 hivi. Kwa hiyo kwa kweli Tanganyika li juu ya Albert kwa futi 500. Kimo hakikuzuia kitu. Maji ya Tanganyika yangeweza kushuka hata Nile, kama pangalikuwa na njia.

Njia haikuwapo. Mwezi wa Novemba mwaka 1871 David Livingstone na Henry Stanley walipiga kasia toka Ujiji mpaka kichwa cha ziwa kaskazini, wakaingia katika mdomo wa mto Rusizi, wakatazama mkondo. Mto ule haukuwa ukitoka ziwani, ulikuwa ukiingia. Wenyeji wa Uvira walikuwa wamewaambia Burton na Speke neno hilo hilo mwaka 1858, miaka 13 kabla yake, bila kuchemsha maji.